Matrix haiishii kwenye kidonge chekundu

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wapenzi wa filamu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote? Wazee wetu, kina mama, vijana mliovuka kutoka Likoni, mliotoka Kisauni, Changamwe na hapa hapa Mji wa Kale, ahsanteni kwa kuja.

Niwaulize jambo kabla sijaenda mbali. Nani hapa ameiona Matrix ya kwanza? Karibu ukumbi mzima. Na nani amezitazama zote tatu, mpaka majina ya mwisho yakapita? Mikono imepungua mno. Basi maneno yangu ya leo ni ya ile mikono iliyoshuka.

Filamu ya kwanza, The Matrix, ilitoka Machi 1999. Ya pili, The Matrix Reloaded, ilitoka Mei 2003, na ya tatu, The Matrix Revolutions, Novemba mwaka huohuo. Zote tatu ziliandikwa na kuongozwa na ndugu wawili, Lana na Lilly Wachowski. Ya kwanza ilibeba tuzo 4 za Oscar: uhariri wa picha, sauti, uhariri wa sauti na picha za mbinu maalumu. Zilizofuata hazikupata hata uteuzi. Tangu hapo imekaririwa hukumu moja: ya kwanza johari, mbili za baadaye makelele.

Nimesimama hapa kuipinga hukumu hiyo. Nasema hizi ni hoja moja iliyogawanywa mara tatu. Filamu ya kwanza inauliza: unachokiona ni kweli? Ya pili inauliza: ukishaijua kweli, je, umekuwa huru? Ya tatu inauliza: ukishakuwa huru, utakaaje na adui yako? Anayeishia kwenye ya kwanza amebeba swali, jawabu ameliacha ukumbini.

Kwa msiokijua kisa, nakipitia mbio. Thomas Anderson mchana anaandika programu ofisini. Usiku ni mdukuzi ajiitaye Neo. Mtu aitwaye Morpheus anamwekea vidonge viwili. Cha buluu, arudi kwake asahau. Chekundu, aone. Anameza chekundu, na anazinduka ndani ya chombo cha majimaji, uchi, mwili umechomekwa mabomba na nyaya. Ulimwengu aliouzoea ni programu inayoingizwa katika ubongo wa binadamu na mashine zilizoshinda vita zamani. Wachache walio huru wamejichimbia ardhini, katika mji wa Zion.

Haya. Unachokiona ni kweli?

Msidhani swali hili limeletwa na kompyuta. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyoanza kuyashuku macho yake mwenyewe. Unatazama kivuli unakiona kimetulia. Ukirudi baadaye umekuta kimesogea, kumbe hakikutulia hata mara moja. Unatazama nyota unaiona kadiri ya dinari. Hesabu za jiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho limetoa ushahidi, akili imeukadhibisha. Kisha anauliza linalouma zaidi: ikiwa akili imeweza kulikadhibisha jicho, nani ananihakikishia kwamba hakuna hakimu mwingine juu ya akili, ambaye akija ataikadhibisha nayo? Na ndoto, je? Uliye ndani ya ndoto huna shaka. Shaka huja ukiamka.

Alikaa katika hali hiyo takriban miezi miwili. Na kilichomtoa, anasema, hakikuwa hoja iliyopangwa vizuri, kilikuwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Sasa mkumbukeni Morpheus anavyomwambia Neo: hakuna awezaye kuelezwa Matrix ni nini, sharti uione mwenyewe. Waandishi wa filamu walilielewa jambo hili. Shaka ya namna hiyo haitibiwi kwa mjadala.

Plato, katika kitabu cha saba cha Jamhuri, ana wafungwa pangoni wanaoona vivuli ukutani na kudhani ndio ulimwengu. Atolewaye nje kwanza huumwa macho. Neo, baada ya kuchomolewa, anauliza mbona macho yanamuuma. Anajibiwa: hujawahi kuyatumia. Descartes mwaka 1641 alimfikiria shetani mwenye hila anayetudanganya kila kitu. Na sisi tunaovuka feri ya Likoni tunajua: umesimama, umekaza macho kwenye gati, na unaiona gati ndiyo inayoondoka.

Ndugu zangu, filamu si kitabu cha falsafa. Filamu inalijenga swali kwa rangi na kwa kamera, na hapa kazi imefanywa kweli kweli. Ndani ya Matrix, picha zote zina kijani, kama skrini za kompyuta za zamani. Nje, katika ulimwengu halisi, picha ni baridi, zimeelekea ubuluu. Mara mbili tatu ukishaona, mwili wako unajua uko upande gani kabla hujaambiwa. Na zile herufi za kijani zinazoteremka? Simon Whiteley, aliyezibuni, amesema alizichukua kwenye vitabu vya mapishi vya Kijapani vya mkewe.

Tazameni pia lile tukio la juu ya paa, Neo anaporudi nyuma risasi zikampita. Hiyo haikuwa kamera moja ya polepole. Ziliwekwa kamera za picha mnato takriban 120 katika mstari uliopinda kumzunguka Keanu Reeves, mwigizaji wa Neo, mbele ya kitambaa cha kijani, na kamera ya filamu kila mwisho. Kila moja inapiga picha moja, ikipishana na jirani yake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ukizipanga, zinakuwa mwendo. Kamera moja ikielekea pembeni kidogo tu, picha nzima inaruka, kwa hiyo zilinyooshwa kwa miale ya leza. Kisha kompyuta ikajaza picha za katikati, na paa na majengo vikatiwa nyuma yake. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu jicho linauzunguka mwili uliosimama katika wakati. Huwezi kuona hivyo ukiwa ndani ya kanuni za programu. Umepewa, kwa sekunde chache, jicho la mtu aliye nje yake.

Zipo kasoro, na mpenzi wa kweli huzitaja. Morpheus anasema mashine hutumia binadamu kama betri. Hilo halisimami. Mwili uliotulia hutoa joto la takriban wati 100, na nguvu hizo zinatokana na chakula. Utalazimika kumlisha mtu zaidi ya utakachovuna. Na mashine hizo, kwa maneno yake mwenyewe, zina nguvu ya muungano wa atomi. Za nini tena betri za nyama? Wekeni swali hilo pembeni, filamu ya pili italigusa.

Kuna kitabu Neo anachofichia diski zake, kimechongwa ndani: Simulacra and Simulation cha Jean Baudrillard, Mfaransa. Waigizaji walitakiwa wakisome. Lakini Baudrillard mwenyewe hakupendezwa. Alisema filamu imelichanganya swali jipya la nakala zisizo na asili na swali la kale la Plato. Kana kwamba upo mlango, ukitoka uko salama penye kweli. Kwa filamu ya kwanza, lawama hiyo ina uzito. Inakuachia raha: humo ndani uongo, huku nje ukweli, na mimi niliyetazama niko upande wa ukweli. Ni vijana wangapi wametoka na raha hiyo, wakaanza kuwaita wenzao wote waliolala?

Raha hiyo ndiyo iliyobomolewa na filamu ya pili.

Swali la pili, basi: ukishaijua kweli, umekuwa huru? Tuanze na Cypher, mmoja wa watu wa Morpheus, maana mbegu imepandwa kwenye filamu ya kwanza. Cypher ameishi nje miaka 9. Baridi, uji usio na ladha, nguo zilizotoboka. Anaketi na ajenti wa mashine katika mkahawa wa kifahari, anainua kipande cha nyama, na anasema anajua nyama hiyo haipo. Ila akiitia mdomoni, Matrix inauambia ubongo wake kwamba ni laini na tamu. Anataka arudishwe, awe tajiri, asikumbuke kitu. Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza: ikiwepo mashine ya kukupa kila furaha utakayo, utakubali kuchomekwa humo maisha yako yote? Nozick aliona tungekataa, kwa sababu tunataka kufanya mambo, hatutoshelezwi na kuhisi kana kwamba tumeyafanya. Cypher anakubali. Filamu inampiga risasi, lakini risasi si jawabu. Wahenga wametwambia dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Cypher anasema hadaa hiyohiyo ndiyo niitakayo, utaniambia nini?

Reloaded inachukua muda kumjibu. Ndani ya Zion, mzee wa baraza, Hamann, anamshusha Neo usiku hadi kwenye mitambo ya maji na hewa. Anamwonyesha kwamba mji wa watu huru unaishi kwa mashine. Neo anasema tofauti ni kwamba hizi tunaweza kuzizima. Mzee anakubali, kisha anauliza: tukizizima, taa zetu, joto letu, hewa yetu itakuwaje? Mazungumzo ya dakika chache, bila ngumi. Watu wengi huyapitisha haraka wafikie mapigano. Msiyapitishe.

Kisha linakuja lile tukio lililowashinda wengi: Architect, aliyeijenga Matrix, mzee wa ndevu nyeupe mbele ya ukuta wa televisheni. Anasema kwa maneno mazito, na waliokuwa ukumbini mwaka 2003 wengi walipotea njia. Mimi nawaomba muisimamishe filamu hapo, mrudishe nyuma, msikilize mara mbili. Anachosema ni hiki. Matrix ya kwanza kabisa aliijenga kamilifu, pepo isiyo na taabu, na ikaanguka. Ya pili akaijenga kwa kufuata maovu ya historia ya binadamu, ikaanguka nayo. Programu nyingine, Oracle, yenye hekima isiyo ya hesabu, ndiye aliyegundua dawa: wape watu uchaguzi, na karibu asilimia 99 wataikubali programu, hata kama wanautambua uchaguzi huo kwa mbali mno. Wanaobaki, wale wakaidi, wakiachwa watavunja mfumo. Kwa hiyo wanatolewa. Wanakwenda wapi? Zion. Na Zion ikishajaa, inateketezwa. Imekwisha kuteketezwa mara 5. Neo ni mkombozi wa sita. Ule unabii unaoaminiwa Zion, kwamba atakuja mkombozi, nao ni sehemu ya mashine: kazi ya mkombozi ni kurudi kwenye chanzo na kuchagua watu 23, wanawake 16 na wanaume 7, waujenge mji upya ili mzunguko uanze tena.

Mnaona kilichofanyika? Kidonge chekundu nacho kimo ndani ya hesabu. Uasi umepangiwa chumba. Yule anayejisifu kwamba ameamka, ameamka mahali alipotengewa. Baudrillard aliuliza nje iko wapi. Filamu ya pili inajibu kwamba nje uliyoijua si nje. Na lile la betri? Neo anamwambia Architect kwamba hawatawaacha binadamu wafe, wanawahitaji ili waishi. Anajibiwa kwamba ziko ngazi za kuishi ambazo mashine ziko tayari kuzikubali. Maana yake umeme si sababu yote.

Sasa milango miwili. Wa kulia, uokoe aina ya binadamu kwa kufuata mpango. Wa kushoto, umrudie Trinity, mpenzi wake Neo, anayeanguka kutoka ghorofani, na wote wafe. Watano waliotangulia walikwenda kulia. Waliwapenda binadamu kwa jumla, na mapenzi ya jumla yanahesabika. Neo anampenda mtu mmoja, mwenye jina. Anakwenda kushoto. Mpendwa msikilizaji, hapo ndipo Cypher anapojibiwa. Wote wawili wamechagua nafsi moja mbele ya wengi. Lakini Cypher amechagua ili asijue. Neo amechagua huku anajua kila gharama, ameshatajiwa na mjenzi mwenyewe.

Oracle alikuwa ameshamwambia, pale kwenye benchi: hukuja kufanya uamuzi, uamuzi umeshaufanya, umekuja kuelewa kwa nini. Laiti watu wangeibeba sentensi hiyo kama walivyobeba kile kidonge.

Je, Reloaded haina makosa? Inayo. Mapigano ya Neo na nakala nyingi za Smith, ajenti wa mashine anayejinakili, yanapofika juu, mwigizaji anabadilishwa na sanamu ya kompyuta, na jicho linaona: ngozi inang'aa kama plastiki, nguo hazina uzito. Mchana mweupe haufichi kitu, na ufundi wa 2003 haukutosha. Lakini ile mbio ya magari ni nyingine kabisa. Barabara yenyewe, takriban kilomita 2 na zaidi, ilijengwa maalumu katika uwanja wa zamani wa ndege wa jeshi la majini huko Alameda, California. Magari ni magari.

Tuje kwenye swali la tatu, ambalo ndilo ninalolipenda zaidi. Utakaaje na adui yako?

Revolutions inamkuta Neo amekwama katika stesheni ya treni kati ya ulimwengu mbili. Anakutana na familia ya Kihindi: baba Rama-Kandra, mama Kamala, na binti yao Sati. Wote ni programu. Mtoto amezaliwa bila kazi yoyote katika mfumo, na kisicho na kazi hufutwa. Wazazi wameafikiana na wasafirishaji wa magendo ili mtoto afike salama, wao warudi kazini kwao. Baba anasema anampenda mwanawe. Neo anashangaa: sijawahi kusikia programu ikisema mapenzi, hayo ni ya binadamu. Baba anamjibu kwa upole kwamba hilo ni neno. Chenye maana ni ule mfungamano unaotajwa na neno hilo. Je, Neo yuko tayari kufanya lolote kwa ajili ya mfungamano wake? Yuko tayari. Basi tofauti iko wapi?

Filamu mbili nzima tumefundishwa kwamba mashine ni kitu kimoja, adui. Sasa adui ana mtoto, na anamficha asiuawe na serikali yake mwenyewe. Hakuna ngumi iliyorushwa katika filamu zote tatu yenye nguvu kuliko baba huyu aliyekaa kwenye benchi la stesheni.

Ndiyo maana mwisho haukuwa ushindi, na ndiyo maana watu walikasirika. Walitaka mashine zilipuliwe. Hesabu yenyewe ilikuwa imeshakataa: walinzi 250,000 wa chuma wanaichimbia Zion, mmoja kwa kila mtu aliye ndani. Wakati huohuo Smith, ajenti aliyekatika kwenye mfumo, amejinakili mpaka amejaa Matrix nzima, na sasa anazitishia hata mashine. Neo, macho yameunguzwa, haoni, anakwenda katika mji wa mashine bila jeshi na anatoa shauri: Smith hammudu, mimi nitamkabili, nataka amani. Anaposhindwa na bado anasimama, Smith anamuuliza kwa nini anang'ang'ania. Anajibu: kwa sababu nimechagua. Kisha anaacha kupigana, anajiachia ageuzwe Smith, na kwa kupitia mwili wake mashine zinamfuta Smith na nakala zake zote. Oracle alikwisha kueleza: Smith ni kinyume cha Neo, upande wa pili wa hesabu inayojisawazisha. Ungempigaje ngumi mtu aliye hasi yako? Kadiri unavyoongeza, anaongeza.

Oracle mwenyewe katika filamu hii ana sura mpya. Gloria Foster alifariki Septemba 2001, na Mary Alice akaipokea nafasi. Waandishi hawakulifunika pengo. Oracle anasema alifanya uamuzi wa kumsaidia Neo, na uamuzi huo ulimgharimu kuliko alivyotaka. Pengo limeingia ndani ya hoja ya uchaguzi kana kwamba liliandikwa tangu mwanzo.

Na sikilizeni mazungumzo ya mwisho, ya Architect na Oracle. Architect anamwambia Oracle amecheza mchezo wa hatari. Anamuuliza amani hii itadumu muda gani. Oracle anasema: muda itakaoweza. Kisha Oracle anauliza: na wanaotaka kutoka? Watatolewa, anajibu Architect. Unaniahidi? anauliza Oracle. Na Architect anajibu kwa mshangao: unanionaje mimi, binadamu? Tafakarini. Mkataba unalindwa na upande tuliouita mwongo. Na safari hii wanaotoka hawapelekwi machinjoni. Mlango ulioahidiwa kwenye filamu ya kwanza unafunguka hapa, dakika za mwisho za ya tatu.

Majina yanapopita, msizime. Katika wimbo huo wa mwisho kuna kwaya inayoimba Kisanskriti, maneno ya Brihadaranyaka Upanishad ambayo majirani zetu wengi hapa mjini wanayajua kwa moyo: kutoka kisicho kweli niongoze kwenye kweli, kutoka gizani kwenye nuru, kutoka mautini kwenye kutokufa.

Sasa jinsi ya kuzitazama. Ya kwanza ni dakika 136, ya pili 138, ya tatu 129. Jumla saa 6 na dakika 43. Msizitazame zote usiku mmoja. Anzeni na ya kwanza peke yake. Siku ya pili chukueni filamu fupi tatu kutoka mkusanyo wa The Animatrix wa 2003: The Second Renaissance sehemu zote mbili, inayoonyesha kwamba vita vilianza kwa dhuluma ya binadamu juu ya mashine, na Final Flight of the Osiris, inayoeleza Zion ilivyopata habari ya uchimbaji. Kisha Reloaded na Revolutions zifuatane bila siku katikati, maana zilipigwa pamoja na ya pili inakatika katikati ya kisa.

Televisheni iwekwe kwenye hali ya sinema. Zimeni ule mpangilio wa kulainisha mwendo: filamu ina picha 24 kwa sekunde, na televisheni ikizidisha picha za kubuni, lile tukio la paa linaharibika kabisa. Rangi ikizidishwa, kijani na buluu zinapotea, na mmekwisha kuona rangi hizo zinafanya kazi gani. Diski za 2008 zilikoleza kijani kupita kiasi. Toleo la 4K la 2018, alilolisimamia mpigapicha Bill Pope mwenyewe, ndilo la kutafuta. Na zile nakala zenye DJ wa kusimulia juu ya sauti, nazijua zinavyopendwa mitaani, lakini kwa filamu hizi hapana. Msimuliaji atamfunika Architect, na Architect akifunikwa, filamu ya pili imekwisha. Tumieni sauti ya asili na maandishi chini ya skrini.

Mmeniuliza mlangoni kuhusu ya nne, The Matrix Resurrections ya 2021. Aliiongoza Lana peke yake, na inazungumza na zile tatu kama mtu anayefungua barua zake za zamani. Itazameni mkishamaliza hizi, wiki nyingine. Sasa nayapokea maswali, na naomba tuanze na wale ambao hawakukubaliana nami kuhusu mlango wa kushoto.